Kitini cha "Idhini ya vita dhidi ya magenge ya unga": kinunue, lakini sahihisha hesabu ya siku 60

Kitini hiki kinauzwa sh. 6,000 kwenye maduka ya steshenari jirani na vyuo vya Arusha: kurasa 58, kimefungwa kwa spairo. Kinamfaa mwanafunzi wa sheria anayeandaa mdahalo kuhusu Marekani kupeleka jeshi dhidi ya magenge ya dawa za kulevya ya nchi nyingine.

Sehemu ya idhini imeiva. Inaanza na Katiba ya Marekani, Ibara ya I, kifungu cha 8: kutangaza vita ni kazi ya Bunge lao. Kisha inakichambua kibali cha kutumia jeshi ambacho Bunge hilo lilitoa Septemba 2001, neno kwa neno: kinawagusa waliopanga, waliotenda au waliosaidia mashambulizi ya Septemba 11, pamoja na waliowahifadhi. Wauza unga hawaingii humo hata ukivuta maneno vipi. Pembeni imewekwa Ibara ya 44 ya Katiba yetu, ambapo Rais akitangaza hali ya vita, Bunge linaitishwa ndani ya siku 14. Ulinganisho huo peke yake unarudisha hela yako.

Kasoro kubwa iko kwenye sheria ya Marekani ya 1973, inayompa Rais wao ukomo wa siku 60 wa kutumia jeshi bila idhini ya Bunge. Jedwali linahesabu siku 60 tangu shambulizi lenyewe. Sivyo! Rais ana saa 48 za kupeleka taarifa bungeni, na siku 60 zinaanza taarifa inapowasilishwa au ilipotakiwa kuwasilishwa, lolote litakalotangulia. Boti ya kwanza iliyodaiwa kubeba unga ilipigwa na Marekani kwenye Bahari ya Karibi Septemba 2, 2025, taarifa ikaenda Septemba 4. Ukomo ni Novemba 3, si Novemba 1 kama kilivyochapwa. Siku 30 za nyongeza ni za kuondoa askari salama tu. Kwenye mdahalo kosa hili litakumaliza.

Pia kinachanganya orodha ya Marekani ya magaidi na ruhusa ya kupiga. Magenge manane yaliingizwa kwenye orodha hiyo Februari 20, 2025. Matokeo yake kisheria ni kuzuia fedha, kunyima viza na kumshtaki anayeyasaidia. Kombora halimo.

Linalouma zaidi, bahari haimo kabisa. Mkataba wa Vienna wa 1988 dhidi ya biashara ya dawa za kulevya, kifungu cha 17, unataka uombe ridhaa ya nchi yenye bendera kabla ya kupanda chombo chake. Kwa pwani inayopitiwa na majahazi ya heroini, hilo lilistahili kurasa kumi.

Ukinunua, chagua nakala yenye pambizo pana. Kwenye ile nyembamba matundu ya spairo yanameza herufi ya kwanza ya kila mstari, na "60" inasomeka "0".