SageMath ndani ya VirtualBox: nimekasirika, lakini siifuti

Nyota mbili. Na SageMath yenyewe, programu ya kukokotoa hisabati, haina hatia, hasira yangu ni kwa njia ya kuifikia na kwa fundi mmoja wa kompyuta wa Wandegeya, Kampala.

Nafundisha hisabati S.5 na S.6 (miaka miwili ya mwisho ya sekondari), jioni nasoma shahada ya pili, na kazi yangu ni namba tasa. Sage ni ya bure. William Stein aliianzisha mwaka 2005 ili watu wasilazimike kununua programu za hisabati kama Maple au Magma. Shida ni kwamba kwao ni Linux, mfumo endeshi mwingine, nami natumia Windows. Basi nikaweka VirtualBox, programu inayounda kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako, nikachoma bando kupakua Ubuntu, aina moja ya Linux, nikawasha. Kikatokea kisanduku: VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta pepe, imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya laptopu.

Nikaibeba laptopu hadi dukani. Fundi hakusoma. Nasema hakusoma! Maneno yako pale kwenye kioo, yeye anaigeuza laptopu chini juu, anatazama stika, anacheka. "Nnyabo, hii ni ya kuandikia barua. Linux inataka mashine ya nguvu. Ninayo moja hapa safi, tuongee bei." Nikamwomba afungue BIOS. Akasema tutaunguza bodi. Kisha akadai elfu ishirini za ukaguzi. Ukaguzi gani, wa stika?

Nyumbani nikaiwasha huku nabonyeza F10, nikaona mstari wa Virtualization Technology, ndiyo hiyo VT-x, nikauwezesha, nikahifadhi. Imekwisha. Hakuna bodi iliyoungua. Ubuntu ikaamka, Sage ikafuata, na bando jingine likaenda.

Nikaandika factor(2^67 - 1), amri ya kuivunja namba hiyo kuwa namba tasa zinazoizaa zikizidishwa. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake huko Marekani akazidisha namba mbili ubaoni, jibu likawa hiyohiyo 2^67 - 1, inasimuliwa hakutamka neno. Kuzipata kulimla Jumapili za miaka mitatu. Mimi nilibonyeza Enter:

193707721 * 761838257287

Nikapiga kigelegele, mtoto wa jirani akaja kuchungulia dirishani. Nyota mbili nilizotoa hapo juu ni uchoyo. Ziwe nne!

Ngoja kwanza. Laptopu yangu ina ramu ya gigabaiti 4. Nikiipa Ubuntu 2, Windows inabaki inahema, na nikifungua kivinjari mshale unaganda palepale. Umeme ukikatika na betri hii iliyochoka, kompyuta pepe inazimika ghafla na hesabu ambazo sijahifadhi zimekwenda. Najua mtaniambia nihamie WSL, njia ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows, na ni kweli watu wa Sage wenyewe sasa ndiko wanakowaelekeza wenye Windows. Lakini WSL 2, toleo lake la pili, nayo inataka VT-x hiyohiyo, kwa hiyo BIOS hamtaikwepa.

Niweke tatu. Nikipata ramu nyingine nitarudi kuzibadilisha, au nitahamia huko WSL nikaitukane hiyo.