Vigae vya OpenForge mezani: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kabisa, maana najua wengi mtaruka hadi chini: vigae vya kuunganisha vya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, vinalipa kwa chumba cha mapigano. Ukitaka kujenga handaki zima kwa vigae, utaumiza mfuko na wachezaji watasinzia.

Kwa asiyejua, kwenye mchezo huo mraba wa inchi 1 mezani ni futi 5 ndani ya hadithi. Wengi tunachora miraba hiyo kwenye manila na kuendelea na maisha. Vigae vinachukua nafasi ya mchoro: vipande vya sakafu, kuta, milango na ngazi, unavipanga upya kila mnapokutana. Dwarven Forge wa Marekani wanaviuza tangu miaka ya 1990, na ni vizuri mno, ila bei yake ukijumlisha na usafiri mpaka Dar, acha tu. Ndiyo maana nilichukua OpenForge, mafaili ya kuchapisha vigae yaliyobuniwa na Devon Jones na yanayopatikana bure mtandaoni, nikampelekea fundi mwenye printa ya 3D.

Kinachonifurahisha zaidi ni sumaku. Kitako cha kigae kina vitundu pembeni, na ndani yake unatia sumaku za duara za milimita 5, mfano wa gololi ndogo. Kwa kuwa ni za duara, zinajigeuza zenyewe ndani ya tundu hadi ncha zinazovutana zikutane, kwa hiyo huhangaiki kigae kipi kikae upande gani. Unakisogeza, kinadaka. Ule mlio wa "tak" peke yake umewafanya wenzangu wagombee kunisaidia kupanga.

Kero ipo kwenye vipimo. Mafaili yanakuja kwa aina mbili, mraba wa milimita 25 na mraba wa inchi kamili, yaani milimita 25.4. Karakana ya kwanza niliyoitumia ilinichanganyia, ingawa oda niliiandika wazi. Kigae kimoja kimoja huoni tofauti. Panga miraba kumi mfululizo, upande mmoja umeshapitwa kwa milimita 4 na ukuta wa kona haufungi. Kwa hiyo kabla hujalipa, pimisha palepale kwa rula, safu nzima, wala usikubali kuambiwa "ni zilezile."

Rangi ni kazi rahisi kuliko inavyoonekana. Puliza nyeusi kote, acha ikauke, kisha pitisha juu juu brashi iliyokaribia kukauka yenye rangi ya kijivu. Nyufa zinabaki nyeusi, mawe yanajitokeza. Mwenzetu mmoja aliongeza kijani kidogo kwenye pembe za ukuta, na tangu hapo kila anayeingia chumba kile anauliza kama kuna maji.

Sasa mchezo wenyewe. Kuta ndefu zinapendeza kwenye picha, lakini aliyekaa upande wa pili haoni sanamu ndogo ya mhusika wake, basi kila zamu mtu anasimama, anachungulia, anaangusha sanamu ya mlinzi. Kuta fupi zinatosha kabisa. Tatizo kubwa zaidi ni kwa mwendesha mchezo, yule anayesimulia hadithi: ukishahangaika kujenga chumba, unataka wachezaji wakiingie. Wakisema "hatuendi huko, tunarudi sokoni," unajikuta unawasukuma kijanja kuelekea kwenye vigae vyako, na wachezaji wananusa mapema sana. Siku hizi najenga chumba kimoja tu juu ya sinia kubwa la pilau, nakiweka kando kimefunikwa. Wakikifikia, sinia linatua mezani na vita vinaanza. Wasipokifikia, kinasubiri wiki nyingine kikiwa na milango tofauti. Njia, msitu na soko vyote vinabaki kwenye manila au kwenye maneno.

Jambo moja la hali ya hewa yetu: vigae vingi vinachapishwa kwa plastiki ya PLA, na hiyo huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi. Gari lililofungwa vioo kwenye jua la mchana linatosha kukunja sakafu. Kama unabeba kwenda kwa wenzako, mwambie fundi atumie plastiki ya PETG, inavumilia joto zaidi.

Nyota nne kati ya tano. Oda yangu inayofuata ni ngazi, milango na sakafu za mbao, zote za inchi. Kuta ndefu nilizonazo zipo kwenye boksi, anayezitaka aje na usafiri wake.