Fundi wa bodi wa Chikongola: laibrari ilikuwepo, bodi ikasema haipo

Msimu wa korosho huku kwetu unaanza Oktoba, na nilitaka kifaa changu kiwe kimeshafungwa ukutani kabla gunia la kwanza halijaingia ghalani. Badala yake kilikaa wiki mbili nzima juu ya meza yangu Mikindani, kila nikikiwasha kinasema laibrari (faili la msaada ambalo programu inalitegemea ili iwake) haipo. Aliyenitoa hapo ni fundi mmoja wa Chikongola, mjini Mtwara. Naieleza huduma yake kwa sababu najua wapo wenzangu Masasi, Newala na Lindi wanaohangaika na bodi hizi bila wa kumuuliza.

Kazi yenyewe si kubwa. Ni Raspberry Pi Zero 2 W, bodi ya kompyuta ndogo, yenye kihisi cha BME280. Inasoma joto na unyevu wa hewa katika ghala la chama chetu cha msingi, halafu inatuma namba kwa MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe, hadi kwenye simu ya mzee anayetunza ghala. Korosho ikikaa kwenye unyevu inaota ukungu, na mkulima aliyebaki na stakabadhi mkononi hana namna ya kujua yanayotokea mle ndani. Bodi ina RAM ya MB 512 tu, kwa hiyo programu yangu, niliyoiandika kwa C, naikompaili (naigeuza kuwa lugha ya mashine) kwenye laptop yenye mfumo wa Ubuntu 24.04 kisha naihamishia kule. Kwenye laptop inapita bila neno. Nikiiwasha kwenye bodi inagoma: haiwezi kufungua libmosquitto.so.1, laibrari ya MQTT, hakuna faili la jina hilo.

Nilianza kwa fundi mwingine, ambaye simtaji. Alichukua shilingi 30,000, akanakili libmosquitto.so.1 kutoka kwenye laptop yangu, akaliweka kwenye bodi ndani ya /usr/lib/aarch64-linux-gnu, akaniambia tayari. Nilipofika nyumbani ujumbe ulikuwa uleule, herufi kwa herufi. Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa, maana faili nalitazama kwa macho yangu na bodi inashikilia kwamba halipo.

Huyu wa Chikongola anajulikana zaidi kwa kutengeneza simu na redio. Kabla hajagusa chochote aliniuliza bodi ina mfumo gani, laptop ina mfumo gani, na lile faili limetoka wapi. Kisha akaandika amri ya file, inayoonyesha aina ya faili, akafuatisha jina la laibrari. Jibu likaja: x86-64. Akarudia kwa programu yangu: ARM aarch64, aina ya prosesa ya bodi.

"Umeona, dada? Laibrari hii ni ya prosesa ya laptop. Bodi imelifungua faili, ikakuta si la aina yake, ikaliruka ikaendelea kutafuta. Ilipomaliza folda zote ndipo ikakwambia halipo."

Wiki mbili zangu zilikuwa ndani ya sentensi hizo. Akalifuta lile faili, akasakinisha kifurushi cha libmosquitto1 kwenye bodi yenyewe kwa apt, amri ya kusakinisha programu. Tukawasha tena. Sasa ikalalamika jambo jingine: libc ya bodi, yaani laibrari ya msingi ya C (glibc), haina toleo la GLIBC_2.38.

Nilimwambia basi tuweke glibc mpya kwenye bodi. Alikataa palepale. Karibu kila kitu ndani ya bodi kimesimama juu ya laibrari hiyo, akasema, ukiivuruga hata ls ya kuorodhesha faili haitawaka na ssh ya kuingilia bodi kwa mbali haitakupokea, utabaki kuandika kadi ya kumbukumbu upya. Badala yake akaiendeshea programu yangu objdump -T, amri inayoorodhesha majina ambayo programu inayaomba kwenye laibrari, na kutafuta mistari yenye 2.38. Ulitoka mmoja tu: __isoc23_strtol. Ni strtol ya kawaida, niliyoitumia kugeuza maandishi kuwa namba. Kwa kuwa nilikuwa nimeweka _GNU_SOURCE juu ya faili langu, vichwa (faili za maelezo) vya glibc mpya viliielekeza kwenye jina jipya bila mimi kujua. Ubuntu 24.04 ina glibc 2.39, na Raspberry Pi OS niliyoweka imejengwa juu ya Debian 12, yenye 2.36. Programu iliyokompailiwa kwa glibc ya zamani kwa kawaida inawaka kwenye mpya, lakini mimi nilikuwa nakwenda kinyume.

Suluhisho lake lilikuwa kufungua kontena la Debian 12 (mfumo uliotengwa) ndani ya laptop yangu, kuongeza arm64 (jina la Debian la aarch64) kwa dpkg, kisha kusakinisha kompaila ya aarch64 na libmosquitto-dev:arm64. Kwa hiyo laibrari ambazo kompaila inaziona ni za toleo lilelile lililoko kwenye bodi. Vifurushi vyote alikuwa navyo kwenye diski yake ya nje. Hili nalipa uzito mkubwa, kwa sababu bando langu lisingetosha kushusha vyote vile, na wengi wetu huku tuko hivyo. Tukakompaili, tukahamisha, tukawasha, na namba ya kwanza ya unyevu ikatokea kwenye simu.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akafuta folda nzima ya kazi, akanisogezea laptop: "Rudia mwenyewe." Nilikosea mara mbili. Alikaa pembeni bila kunyoosha mkono kwenye kibodi, akasubiri hadi nikaona kosa langu. Akanifundisha pia kwamba ldd ya laptop, amri ya kuonyesha laibrari za programu, haisaidii hapa, kwa kuwa inaiona programu ya ARM kama si programu kabisa. Natumia readelf -d, nasoma mistari ya NEEDED (laibrari zinazohitajika), nahakikisha kila jina lililoandikwa hapo lipo kwenye bodi kabla sijapanda daladala.

Alinitoza 25,000 kwa mchana wote. Ni haki, na ningelipa zaidi.

Yapo ya kurekebisha. Meza ya wateja ni moja na chumba kina joto sana. Umeme ulikatika tukakaa karibu saa nzima, hana betri ya akiba. Pia hakuandikii hatua alizopita, ukitoka bila daftari utasahau. Mimi nilijaza kurasa nne.

Kama bodi yako ni Zero W ya mwanzo, mwambie mapema. Kwa bodi hiyo hatumii kontena la Debian, kwa sababu armhf, yaani Debian ya ARM ya biti 32, imejengwa kwa ARMv7 na chipu ile ni ARMv6, programu itakompailika vizuri kisha ife ikifika kwenye bodi. Anachofanya ni kunakili /lib, /usr/lib na /usr/include za bodi yenyewe na kutafuta kompaila inayoendana nayo. Alinieleza hayo bila mimi kuuliza, akimzungumzia mteja aliyemrudisha nyumbani bila kumtoza hadi apate kompaila sahihi.

Anapatikana zaidi baada ya alasiri. Nenda na bodi, kadi yake, laptop, na chaja yako mwenyewe ya bodi, maana ya kwake ni moja na mara nyingi ipo kazini.