VLC kwenye mashine ya mtumba: uzoefu wangu na hardware acceleration

Napiga video za harusi na send-off hapa Mbeya. Kabla ya kumkabidhi mteja flashi yake namwonyesha kazi kwenye mashine yangu ya mtumba, laptop yenye prosesa ya Intel i5 kizazi cha tatu, kwa hiyo VLC, programu ya kuchezesha video, kwangu inashinda wazi kutwa. Ni ya bure, haina matangazo, inasoma karibu kila faili. Hayo mnayajua. Nazungumzia ile sehemu ambayo wengi hatuigusi: bonyeza Ctrl+P, ingia Input / Codecs, utaikuta Hardware-accelerated decoding.

Ikiwa Automatic, kazi ya kufumua video inahama kutoka kwenye prosesa na kwenda kwenye chipu ya picha. Kamera yangu inarekodi H.264 (kodeki, yaani njia ya kubana video), na hapo tofauti haijifichi. Weka Disable uone: feni inavuma, prosesa inapanda kwenye Task Manager, na umeme ukikatika maharusi ndiyo kwanza wanakata keki, betri haifiki kwenye zawadi. Rudisha Automatic, feni kimya. (Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, joto la mashine mikono hailikatai, ila anayelipa ni betri.)

Kuna kipindi video zilitoka na mistari ya kijani. Nikaacha Automatic, nikachagua DXVA 2.0 (njia nyingine ya kutumia chipu ya picha kwenye Windows), nikabonyeza Save, nikasimamisha video na kuianzisha upya, maana bila hivyo hakibadiliki kitu. Shela la bibi harusi likarudi jeupe. Namshuku draiva wa zamani (programu inayoendesha chipu ya picha) niliyemkuta humo.

Zinazosumbua ni video za simu. Ndugu wa bwana harusi wanarekodi kwa simu mpya, wanakuletea H.265 (kodeki mpya zaidi, pia huitwa HEVC) ya 4K. Chipu yangu ni ya 2012, H.265 imepitishwa 2013, wapi na wapi! Hata ukiweka Automatic, mzigo unarudi kwa prosesa na picha inakwamakwama. Usihangaike na settings. Bonyeza Ctrl+J uangalie kodeki. Ukiona HEVC, igeuze iwe H.264 kwa HandBrake, programu ya kubadili video, uiache ifanye kazi usiku. Anayetafuta mashine, kizazi cha sita kinaimudu H.265 ya kawaida, ya biti 8. Ya biti 10 (yenye ngazi nyingi zaidi za rangi) inataka cha saba kwenda juu.

Naipa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku wakiweka kitufe cha HW na SW (chipu ya picha au prosesa) palepale kwenye video, kama MX Player ya simu, nisiwe naingia Preferences mteja ananitazama.