Kibanda cha miraa na muguka karibu na stendi ya Malindi: mzigo mzuri, kipimo cha kubahatisha

Kibanda chenyewe hakina jina. Ni mabati yaliyopakwa rangi ya kijani, meza ya mbao, gunia lililoloweshwa maji na kibao cha namba ya M-Pesa. Kiko mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka stendi, upande wa kivuli, na hicho kivuli ndicho sababu ya kwanza ya kukipendekeza. Kinauza miraa ya Meru na muguka wa Embu, vijiti na majani ya kutafuna yanayochangamsha, mchana kweupe, huku askari wa kaunti wakipita na vitabu vyao vya risiti.

Mabarazani Malindi hoja ya kuhalalisha bangi kwa watu wazima haikauki. Iliingia bungeni kwa barua ya Ken Okoth, mbunge wa Kibra, mwaka 2018, ikarudi kwa kelele kwenye kampeni ya George Wajackoyah mwaka 2022, na kila kahawa tungu inapomiminwa huanza upya. Wanaobishana husahau kwamba kichangamsho halali kinauzwa ng'ambo ya barabara, na kwamba pale mtu anaweza kuona kwa macho yake uhalali unaleta nini na hauleti nini. Kwa hiyo tathmini hii ni ya kibanda, lakini mwenye hoja ya bangi mkononi anaweza kuisoma pia.

Tuanze na saa ya kwenda. Mzigo ukiwa haukukwama njiani hushuka kibandani baada ya swala ya alasiri, na saa moja ya kwanza ndiyo ya kununua. Ukienda asubuhi saa nne utauziwa uliolala. Mwenye kibanda hafichi hilo, huutenga kwenye beseni lake na kushusha bei, jambo ambalo vibanda vingi havifanyi. Tofauti ya mzigo mpya na uliolala haiko kwenye ladha tu. Kinachochangamsha ndani ya jani ni kathinoni, na jani likishakatwa mtini kathinoni huanza kugeuka kuwa kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo zaidi. Ndani ya siku mbili hivi sehemu kubwa imekwenda. Kutoka milima ya Nyambene, huko Meru, mpaka Malindi, kwa kupitia Nairobi na Mombasa, ni zaidi ya kilomita 800, na ndiyo maana madereva wa miraa huendesha kama wanaofukuzwa. Barabara ikila siku moja, jua la Malindi halihitaji hata nusu ya siku kumaliza kilichobaki.

Hapo ndipo kibanda hiki kinapata alama zake. Miraa inabaki ndani ya majani ya mgomba iliyosafiri nayo mpaka mteja aitake, na gunia lililo juu yake hunyunyiziwa maji kidogo kidogo. Kidogo kidogo, kwa sababu muuzaji mwenye haraka humwaga kopo zima: vijiti vinang'aa kwa nusu saa, kisha maji yanatuama kwenye mafundo, majani yanakuwa meusi na kuanza utelezi. Muuzaji wa namna hiyo anakuuzia maji kwa bei ya miraa. Hapa, vifungu vilivyofunguliwa siku tofauti vilikuwa na unyevu juu ya jani la mgomba, vyenyewe vikavu.

Majina yatamchanganya mgeni. Giza ni vijiti vifupi, vya rangi nzito ya zambarau kuelekea weusi, na bei yake iko juu. Kangeta ni virefu zaidi, ndivyo vinavyoonekana kwa wingi. Mbaine ni ya miti mikongwe, haifiki Malindi kila siku, na ukiambiwa ipo kila siku, ujue unadanganywa. Halafu kuna "kilo". Kilo ya miraa haihusiani na mizani hata chembe, ni jina la vifungu kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa kamba ya mgomba. Mteja aliyekuja na hesabu za dukani za sukari na mchele huumia hapa.

Kabla ya kulipa, fungua. Muuzaji mzuri hakasiriki. Chukua kijiti cha katikati ya fungu, usichukue cha nje, kwa kuwa vya nje ndivyo vinavyovishwa: vizuri huzungushwa kando, vikavu vikawekwa ndani. Kikunje karibu na ncha. Kibichi huvunjika mara moja kwa sauti ndogo, kilicholala hupinda kama uzi. Kisha chuna gamba kwa ukucha. Likitoka kwa utepe mmoja mrefu, lenye maji kwa ndani, ni la leo, na likikatika vipande vipande, fungu zima lina siku yake ya pili. Mwisho tazama pale kisu kilipopita chini ya kijiti: pawe peupe au kijani hafifu. Pakiwa na rangi ya kahawia mpaka ndani, rudisha.

Muguka ni hadithi nyingine, na ndio unaouzika zaidi hapa. Hutoka Mbeere, huko Embu, ni majani machanga na ncha laini, hakuna kuchuna wala kutupa, kila kitu kinaingia kinywani. Kwa hiyo shilingi moja ya muguka hupeleka majani mengi zaidi tumboni kuliko shilingi ya miraa, na mtu aliyezoea vijiti akitafuna muguka kwa kasi ileile hujikuta mikono inatetemeka kabla ya magharibi. Pakiti ya shilingi 50 ni bei ambayo hata asiye na kazi anaipata, na hilo ndilo lililowakasirisha wazazi wa pwani.

Ufungaji wa muguka hapa ni wa karatasi ya kaki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 28 Agosti 2017, ingawa ile myembamba bado inapenya sokoni, na mbali na sheria, muguka ndani ya plastiki hutoka jasho, hupata joto na kuwa mweusi kwa saa chache. Ukifika nyumbani uoshe kwa maji safi, kwa kuwa hakuna anayekuambia shambani ulipuliziwa nini. Ukung'ute, uufunge kwa kitambaa chenye unyevu na uweke sehemu ya chini ya friji, utafika kesho asubuhi bila aibu. Ukiuweka kwenye friza utatoka kama mchicha uliochemshwa.

Lawama kubwa ni kipimo. Muguka hupimwa kwa konzi, na konzi za mwenye kibanda na za msaidizi wake hazilingani. Pakiti mbili za bei moja, zilizonunuliwa kwa kufuatana, hazikukubaliana kwenye mizani ya jikoni. Vitabu vya tiba huhesabu kikao cha kawaida kuwa gramu 100 hadi 200 za majani mabichi, lakini mteja hawezi kujua yuko wapi kwenye hesabu hiyo. Mwenye duka la nyama jirani ana mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Huyu anauza kitu kinachopandisha presha, na hana. Mzigo tunaupa tisa kwa kumi, kipimo tatu, na hizo tatu ni kwa sababu konzi ya mwenyewe ina ukarimu.

Umri je? Hakuna tangazo lolote ukutani. Mvulana wa sare ya shule alifika na noti mkononi.

"Nimetumwa na ami."

"Mwambie ami yako aje mwenyewe, miguu anayo."

Akarudi alikotoka. Vizuri, ila kilichomzuia ni tabia ya mama mwenye kibanda. Siku akimwachia msaidizi wake meza, hakuna ajuaye. Linganisha na pombe: chini ya sheria ya mwaka 2010, maarufu kama sheria ya Mututho, baa inahitaji leseni, haiuzii aliye chini ya miaka 18, na siku za kazi hufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku. Hapa kibandani huoni masharti ya namna hiyo juu ya muguka. Unauzwa kando ya peremende.

Pengo hilo ndilo lililolipuka Mei 2024. Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa aliupiga marufuku muguka, na Gideon Mung'aro akafuata kwa kaunti yetu ya Kilifi, hoja ikiwa watoto na vijana. Siku chache hazikupita, Rais Ruto akatangaza kwamba amri hizo hazina nguvu kwa kuwa miraa, muguka ukiwemo, ni zao linalotambuliwa na sheria ya mazao ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha kwa muda. Kwa maneno mengine Embu walitetea shamba, Mombasa na Kilifi wakatetea watoto, na katikati hakuna aliyetaja mizani, tarehe ya kuvunwa wala kitambulisho. Ukipiga marufuku, konzi inahamia uchochoroni. Ukiiacha ilivyo, konzi inabaki konzi.

Uingereza ilipita njia hiyo mapema. Baraza lake la ushauri kuhusu dawa za kulevya lilisema Januari 2013 kwamba ushahidi wa madhara hautoshi kuipiga marufuku miraa, serikali ikaipiga marufuku hata hivyo kuanzia 24 Juni 2014, na wakulima wa Meru wakapoteza soko lao kubwa la Ulaya. Shirika la Afya Duniani nalo lilipoipima mwaka 2006 halikupendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, ingawa kathinoni yenyewe, ikishatolewa kwenye jani, imo kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Jani liko huru, kilichomo ndani yake kimefungwa. Wanaotaka bangi ihalalishwe waanzie kwenye mkanganyiko huu kabla ya kufika Kanada, iliyokwisha kuihalalisha.

Huduma ya ushauri kibandani ni hafifu, kwa hiyo yafuatayo utayapata hapa, huko hutaambiwa. Kula kwanza, chakula cha kushiba, kwa kuwa baada ya hapo hamu ya kula haipo. Tafuna polepole, tonge likae shavuni: kiasi kikubwa huingia kupitia ngozi ya kinywa, na stimu hufika kileleni baada ya saa mbili hivi. Wengi huharibu hapo, maana saa ya kwanza wanaona kimya, wanafungua pakiti ya pili, halafu zote mbili zinawapanda kwa pamoja. Presha na mapigo ya moyo hubaki juu kwa saa tatu au nne. Kathini hukawia zaidi damuni, kwa hiyo anayemaliza saa tatu usiku atahesabu mabati mpaka alfajiri. Wanaotafuta usingizi kwa vidonge au kwa bia juu ya handas, yaani stimu ya miraa, wanauchosha moyo kutoka pande mbili, na hapo ndipo mambo huishia hospitali.

Kibanda kinauza chingamu za Big G, njugu na soda baridi. Chukua maji. Miraa hukausha mate, na kinywa kikavu chenye sukari saa nne mfululizo ni karamu ya kuoza meno. Tanini zake, zile zenye ukakasi, hufunga choo, kwa hiyo papai la kesho yake lina maana, na wanaume wasishangae mkojo ukitoka kwa kusitasita. Ukiwa kwenye dozi ya ampisilini au amoksilini, meza dawa saa mbili baada ya kumaliza kutafuna, kwa sababu miraa huizuia isiingie mwilini vizuri, na mgonjwa hulaumu dawa bure. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kuugua akili, mjamzito na anayenyonyesha wasinunue, hata giza iwe nzuri namna gani.

Malipo ni taslimu au M-Pesa, hakuna deni, na bango la "kesho" limechakaa kwa kuonyeshwa. Ijumaa meza hufunikwa mpaka watu watoke msikitini. Magunzi ya vijiti hutupwa kwenye pipa kubwa nyuma, ambalo mbuzi wa mtaa wamelijua. Anayeendelea na safari kuelekea Tanga au Dar es Salaam aache kila kijiti hapahapa kabla ya kupanda basi, na akague mifuko ya koti pia: ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga jani hilihili ni dawa ya kulevya, na risiti ya askari wa kaunti ya Kilifi haitamsaidia.