Shafti ya mashine ya kufulia ya zamani: kuvisha bushi au kukereza mpya?

Sili (mpira wa kuzuia maji) mpya ikivuja ndani ya wiki, tazama shafti (mhimili wa ngoma) kabla ya kuilaumu sili. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapogusa: ukinasa, kuna mfereji, na mpira mpya hauuzibi.

Bushi nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, unene wake kama milimita 0.28, hupigwa juu ya mfereji na sili ikabaki ya saizi ileile. Ni kazi ya saa moja. Mfereji ukiwa na kina, ujaze kwanza epoksi ya chuma (gundi ngumu yenye unga wa chuma), uvishe bushi kabla haijakauka. Lakini bushi haitibu kiti cha beringi (sehemu ya shafti inapokaa beringi) kilicholika. Pete ya ndani ya beringi ikizunguka juu ya shafti kwa mkono, achana na bushi.

Hapo ndipo unapokwenda kwa mkereza vyuma. Hewa ya chumvi ya Tanga hula chuma cha kawaida upesi, kwa hiyo dai stenlesi (chuma kisichoshika kutu), ya daraja la 316 ikipatikana. Mpelekee shafti ya zamani pamoja na beringi na sili mpya. Apime beringi na sili hizo, asikadirie kwa shafti iliyokwisha. Kujaza kwa kuchomelea ni rahisi zaidi, ila joto hupinda shafti. Halafu sehemu ya sili ing'arishwe kwa msasa wa maji: alama za kisu zikibaki kama hesi, zitasukuma maji hadi kwenye beringi.

Kwa vyovyote, paka grisi isiyoyeyuka majini kwenye mdomo wa sili. Ikianza kazi kavu, huungua.