Pesti ya prosesa: uliza kwanza itakauka lini

Wasee wa saiba, hii naandika nikiwa na hasira kidogo. Wiki ya mwisho ya Juni, mnajua vile huwa, foleni ya watu wa ritani za kodi za KRA imefika nje kwa mlango, na mashine yangu namba tatu, Dell OptiPlex ex-UK, ikaanza kujizima. Unaiwasha, unafungua iTax, ile tovuti ya KRA, dakika kumi, giza. Nikaweka Core Temp, programu ya kusoma joto la prosesa (ule ubongo wa kompyuta), ni ya bure, nikaona digrii 97, 98, na prosesa nyingi za Intel zikikaribia 100 hujipunguza kasi, joto likizidi mashine inazima ndio isiungue. Feni ilikuwa inazunguka poa. Vumbi nilikuwa nimeshapuliza na blowa. Basi nikang'oa lile dude la aluminiamu linalokaa juu ya prosesa, na hapo ndo nikaona: pesti, ile grisi ya katikati yao ya kupitisha joto, niliyonunua town mwezi wa pili, sindano ya kijivu haina hata jina, mia mbili, imekauka kama ukoko wa ugali. Miezi minne tu!

Muuzaji yeyote wa pesti atakuonyesha ile namba ya W/mK kwa boksi, yaani vile inapitisha joto. Achana nayo. Zikiwa mpya, pesti zinazoeleweka zinapishana digrii chache tu, na wewe unachapa barua ya chifu. Swali ambalo hakuna mtu huuliza ni hii kitu itakaa? Pesti ni unga umechanganywa na mafuta, mara nyingi ya silikoni. Mashine ikipata moto chuma kinatanuka, ikizimwa kinasinyaa, kila siku hivyo hivyo, mafuta yanakamuliwa pole pole yanatokea kando, unabaki na unga mkavu wenye nyufa, nyufa zinaingia hewa, na hewa haipitishi joto vizuri hata kidogo. Sasa saiba inafunguliwa saa moja asubuhi inafungwa saa tatu usiku, chini ya mabati, hebu piga hesabu.

Namba moja kwangu ni Arctic MX-4 na msinibishie. Kampuni inasema inakaa miaka 8, hata ikikaa nusu ya hiyo mimi nimeshukuru. Haina chuma ndani, so ikigusa bodi kidogo haipigi shoti. Sindano ya gramu 4 imefanya mashine zangu zote sita na ikabaki, unaweka punje ya ndengu hapo katikati, si kupaka kama Blue Band kwa mkate. Najua kuna MX-6, sijaona sababu ya kuhama.

Ya pili Noctua NT-H1, wao wanasema miaka 5, ni nzuri kabisa ila bei yake inaniuma. Ya tatu Thermal Grizzly Kryonaut, hiyo waachie vijana wa gemu, wenye hufungua mashine kila wikendi. GD900 na wenzake wa bei ya chini, sawa, kama mashine unaiuza kesho.

Ile pesti ya metali ya maji usiguse kabisa. Ina galiamu, na galiamu inakula aluminiamu.

Kufuta pesti ya zamani tumia alkoholi ya isopropili, si spiriti yoyote tu ya kemisti, zingine huwekwa mafuta ya nyonyo na utakuwa umerudisha grisi mahali umetoa.

Sasa wauzaji. Ukienda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, uliza pesti, jamaa anakuambia "siste hizi zote ni sawa". Zote ni sawa na moja ni mia mbili ingine ni mara tano ya hiyo? Mwingine anakukamulia kutoka mkebe ulioshinda wazi kwa meza, anakuchaji "sevisi". Ukinunua MX-4 angalia sili, na Arctic wako na ukurasa wa kuhakikisha kama ni orijino, fanya hiyo kitu ukiwa bado umesimama hapo dukani na pesa iko mfukoni.

Na fundi wangu, huyo simtaji. Alishika mashine namba tatu dakika mbili akasema prosesa imekufa, niache elfu nne na mia tano anitafutie ingine, na hiyo mbovu nimwachie yeye "ya speya". Nikabeba mashine yangu nikarudi nayo kwa matatu. Hiyo prosesa maiti sai iko digrii 43, na ndiyo nimeandikia hii yote.